Kesi ya ardhi inaanzia kwenye mkutano wa kijiji

Huku kusini mwa Tanzania ukimuuliza mzee shamba lake linaishia wapi hakuletei ramani, anakushika mkono mnaenda. Mpaka ule mkorosho mkubwa, toka pale shuka mpaka makaburini, alafu fuata njia ya kisimani. Sisi Wamwera, na majirani zetu Wamakonde, wengi mashamba tumeyapata upande wa mama, na mipaka iko vichwani mwa watu. Sasa kuna watu, tena wasomi, wanasema eti kama huna karatasi basi hiyo ardhi haina mwenyewe. Inaniuma sana kusikia hivyo maana Mahakama ya Rufani ililimaliza hili jambo mwaka 1994.

Ni kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanae Joseph, wakulima wa huko kaskazini. Walinyang'anywa shamba wakati wa Operesheni Vijiji, ile ya serikali kuhamishia watu vijijini miaka ya sabini, 1987 wakashtaki, wakashinda wakarudishiwa. Alafu 1992 ikaja sheria ya kufuta haki za kimila za kabla ya operesheni, na hata kwenda mahakamani kudai ikakatazwa. Baba na mwana wakaipinga. Jaji Mkuu Nyalali akasema haki ya kimila kwenye ardhi ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, huwezi kumnyang'anya mtu bila fidia ya haki, kwa sababu tukisema sio mali basi Watanzania wengi watakuwa wavamizi ndani ya nchi yao wenyewe. Mi hayo maneno nayapenda sana, natamani yabandikwe kila ofisi ya kijiji Lindi na Mtwara.

Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaweka kabisa kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile ya kupewa na serikali.

Sa kwanini bado tunapoteza? Kwa ninavyoona mimi tunapoteza mapema mno, kwenye mkutano wa kijiji, miaka mingi kabla ya wakili kuvaa joho. Angalieni Kilwa, vijiji vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti, ilikuja kampuni ya Uholanzi inataka kulima mbono wa kutengenezea mafuta, ikachukua karibu hekta 34,000, kufikia 2010 imefilisika. Watu wakadhani ardhi itarudi kijijini yenyewe, wapi. Ili mwekezaji wa nje apewe, ardhi ya kijiji inahamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla, yaani iliyo chini ya serikali kuu, na ikishahama kijiji hakina tena sauti juu yake hata kama aliyepewa ameondoka na matrekta yake. Sidhani kama siku ile ya mkutano kuna mtu aliyesimama akawaeleza wanakijiji hilo jambo likaeleweka.

Kwetu tulipata la kwetu, dogo ukilinganisha na hilo ila lilitunyima usingizi. Shamba la ukoo, analisimamia mjomba, sehemu yake liko mahameni, pale walipokuwa wanakaa wazee kabla ya kuhamishiwa kijijini. Sehemu hiyo ilikuwa imepumzishwa, majani yamepanda. Akatokea mtu wa mjini na muhtasari wenye muhuri wa kijiji, umeandikwa amegawiwa "pori lisilo na mtu". Pori! Siku Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lilipokuja kuona eneo, mwenyekiti na wale wazee wa baraza wakaingia ndani ya majani na mjomba mbele na panga, na mle ndani mikorosho imesimama kwenye mistari, umbali ule ule toka mti hadi mti, chini kuna makaburi matano yamepangwa mawe. Mwenyekiti akamuuliza yule bwana, pori gani hili linapanda mikorosho kwa mstari? Hakujibu. Alafu mwenyekiti akaomba kitu kimoja tu, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioridhia. Haukuwepo. Walikuwa wamekaa halmashauri peke yao wakasaini, wakati halmashauri ya kijiji ni msimamizi tu wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, haigawi mpaka mkutano mkuu uridhie. Tumepata haki pale, yule bwana amekata rufaa Mahakama Kuu, tunasubiri.

Hilo neno pori limeumiza wengi. Waogiek wa msitu wa Mau kule Kenya, wawindaji na warina asali, walikuwa wanafukuzwa kwa sababu inayofanana na hiyo, huu ni msitu tokeni, wakaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, 2017 wakashinda, 2022 mahakama ikaamuru walipwe fidia na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao. Kumbe hata asiyekata miti ana kwao.

Kwahiyo ndugu zangu mlioko vijijini, na nyie mnaokaa Dar mnarudi msimu wa korosho tu: mkutano mkuu unatakiwa kila miezi mitatu, ulizeni umeitishwa lini mara ya mwisho. Aliyeingia shambani kwako usimwache ukisema ipo siku, ikipita miaka 12 sheria inakufungia mlango. Akina mama msiambiwe mila haiwaruhusu, sheria ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, tena huku kwetu shamba limetoka kwa bibi. Na ile karatasi ya mahudhurio inayozungushwa kabla ya soda, kama juu haina ajenda usisaini, au iandike ajenda mwenyewe kwa mkono wako, weka na tarehe, alafu piga picha na simu.