Risasi ileile, kila asubuhi

Wabebaji wengi wa bastola Marekani hutoa risasi iliyo kwenye chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi tayari kufyatuliwa) kila jioni, kisha huirudisha ileile kesho yake. Kila slaidi, sehemu ya juu ya bastola inayosogea mbele na nyuma, inapoisukuma, kichwa cha risasi hugonga njia ya kuingilia chemba na kuzama kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti ikipungua, shinikizo hupanda. Kwa .40 S&W, aina moja ya risasi za bastola, hupanda vibaya: ganda laweza kupasuka, likaharibu bastola na mkono.

Pima urefu wa risasi kwa kalipa, kipimo chenye taya mbili. Risasi ya 9mm Luger haitakiwi kuzidi urefu wa milimita 29.69, lakini viwanda vingi hutengeneza fupi kuliko hapo, kwa hiyo linganisha na mpya ya boksi lilelile. Iliyofupika usiifyatue. Usijaribu kukivuta kichwa kirudi pia. Mshiko wake umeshalegea.

Wanaojijazia risasi wenyewe nyumbani hukosea hapa: wakiona kichwa kinazama, wanazidi kubana mdomo wa ganda. Kinachoshika kichwa ni ukuta wa ganda. Isitoshe, 9mm hukaa ndani ya chemba kwa kuegemea mdomo huohuo wa ganda, ukiukunja mno unaharibu mkao. Jaribio rahisi: pima, kandamiza kichwa cha risasi kwenye ukingo wa meza kwa nguvu ya dole gumba, pima tena: urefu usipungue.

Ila mimi naona afadhali kutoitoa risasi chembani kabisa. Vua holsta (mfuko wa bastola) nzima, bastola ikiwa ndani na triga imefunikwa, ifungie kwenye sefu.