Siku Moja Maishani Mwangu: Kuwatembeza Wazee wa Kilwa Mjini Quanzhou

Saa 11 alfajiri

Nikishaswali, nakaa na daftari kabla simu haijaanza kulia. Kazi yangu ni ukalimani, Kichina na Kiswahili, hapa Quanzhou, mji wa bandari wa jimbo la Fujian, kusini mashariki mwa China. Siku nyingi nashinda Shuitou kwenye maghala ya marumaru na vigae, nikiwa katikati ya wafanyabiashara wetu na wenye viwanda, bei inapanda, bei inashuka. Leo sina bei. Mteja wangu mmoja, kijana wa Kilwa, amekuja na wazazi wake, akaniambia jana: "Dada, mimi nakwenda kwenye mawe yangu. Wewe nitembezee wazee, tena usiwakimbize."

Napitia maneno ya leo: viungo vya meli, aina za uvumba, miaka ya Hijria na ya wafalme wa China. Kwa ghala la vigae sihitaji kujiandaa hivi. Kwa mji huu nahitaji.

Saa 1 asubuhi

Hotelini namkuta kiongozi wetu amefika zamani. Sheria ya China haimruhusu mgeni kuongoza watalii. Kibali ni cha raia aliyefaulu mtihani, kwa hiyo ziara zangu zote tunakwenda wawili: yeye aeleze, mimi nifasiri. Ni binti wa hapahapa, na tumeshazoeana. Anajua nataka sentensi fupi, anajua pia kwamba kwenye ziara zangu hakuna kusimama kwenye maduka ya zawadi ambayo mgeni hakuyaomba. Ziara binafsi ina gharama kubwa kuliko kufuata bendera ya kundi na kipaza sauti. Faida yake ni kwamba mgeni akitaka kusimama nusu saa mbele ya jiwe moja, anasimama.

"Shikamoo Mzee, shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Za kuamka?"

Mzee amesomesha madrasa maisha yake yote. Bibi katoka kwenye nyumba ya mafundi wa majahazi. Nilipolijua hilo jana usiku, niliupanga mwendo wa leo upya.

Saa 2 asubuhi

Tunaanza hekalu la Kaiyuan kabla jua halijachoma. Ni hekalu la Kibuddha lililoasisiwa mwaka 686, na mbele yake kuna minara miwili ya mawe, ghorofa tano kila mmoja, yenye pembe nane. Wa magharibi ulimalizika 1237, wa mashariki 1250, na huu wa mashariki una urefu wa mita 48. Tetemeko kubwa la mwaka 1604 liliubomoa mji, minara ikabaki imesimama. Mzee anauliza imefungwa kwa kitu gani, saruji haikuwepo. Kiongozi anamwonyesha jinsi matale yalivyochongwa yakashikana, kama mbao za seremala.

Nyuma ya jumba kuu kuna nguzo mbili zenye michoro ya miungu ya Kihindu. Zilichongwa hapahapa kwa ajili ya hekalu la wafanyabiashara wa Kitamil. Hekalu likafa, nguzo zikahamishiwa kwa Wabuddha. Mji mzima umejengwa hivyo, jiwe la huyu kwenye ukuta wa yule, na baadaye leo tutaliona hilo kwa namna chungu zaidi.

Nje, Barabara ya Magharibi, wasichana wanapita na mataji ya maua kichwani. Desturi hiyo ni ya wanawake wa kijiji cha wavuvi cha Xunpu, siku hizi imekuwa ya kila mgeni anayekuja kupiga picha. Bibi ananusa asumini, anasimama, ananunua uzi mmoja na kuuingiza chini ya mtandio.

Saa 3 na nusu

Ndani ya uwanja wa Kaiyuan kuna banda refu lenye meli. Hapa ndipo nilipotaka kumleta Bibi.

Meli hii ilifukuliwa mwaka 1974 kwenye matope ya ghuba ya Houzhu. Ilizama katika miaka ya 1270, nasaba ya Song ilipokuwa inaanguka. Kilichobaki kina urefu wa mita 24 na upana wa mita 9, na ngama yake imegawanywa kwa viambaza kuwa vyumba 13, ili chumba kimoja kikivuja vingine vibaki vikavu. Kiongozi anaeleza mbao zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, mianya ikazibwa kwa nyuzi za katani zilizochanganywa na chokaa na mafuta ya mbegu za mti uitwao tung.

"Hiyo ni kalafati," anasema Bibi kabla sijamaliza kufasiri. "Sisi twatia pamba na mafuta, halafu chini twapaka deheni."

Namfasiria kiongozi, naye anataka kujua deheni ni nini. Shahamu na chokaa, anajibu Bibi, inapakwa tumboni mwa chombo ili fufu, mdudu wa baharini, asile mbao. Basi dakika ishirini nzima mazungumzo ni ya wanawake wawili juu ya mbao na maji, nami katikati, bila kuhitaji kuongeza neno. Bibi anauliza mkuku ulichongwa kwa mti gani. Anaonyeshwa pia matundu kwenye maungio ya mkuku, ambamo mafundi walitia sarafu na kioo cha shaba kwa ajili ya baraka. Anaitikia kwa kichwa. Nyumbani kwao nako chombo hakishuki majini bila kusomewa dua.

Shehena iliyokutwa ndani imewekwa kwenye makabati: miti ya udi na msandali kwa maelfu ya kilo, pilipili manga, popoo, simbi, ubani, ambari. Vilikuwamo hata vibao vidogo vilivyoandikwa majina ya wenye mizigo.

Wageni wengi wa kwetu wakifika hapa wanataka niwaambie kwamba meli hii ilitoka Afrika. Siwaambii. Wataalamu wanaona ilikuwa ikirudi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Ubani ni wa Uarabuni na upande wa Somalia, ukafika huku kwa kupitia mikono mingi. Mtu wa pwani hana haja ya kupewa hadithi ya kumfurahisha, kwa sababu iliyoandikwa ipo, na tunakwenda kuiona.

Saa 4 na nusu

Ofisi ya Biashara ya Bahari haina kitu cha kupiga picha. Ni misingi ya matofali iliyofukuliwa katikati ya vichochoro. Lakini ofisi iliyofunguliwa hapa mwaka 1087 ndiyo iliyokagua kila meli, ikatoza ushuru, ikatoa vibali. Mwanzoni mwa karne ya 13 msimamizi wake aliitwa Zhao Rugua. Alikuwa akiwauliza mabaharia habari za nchi walizotoka, na mwaka 1225 akazikusanya kitabuni. Mle imo nchi ya Cengba, yaani pwani yetu ya Zanj: watu wake wafuasi wa dini ya Waarabu, bidhaa zake pembe za ndovu, dhahabu, ambari na msandali wa njano, na kila mwaka majahazi ya Gujarati na ya Waarabu yanawapelekea nguo za pamba, kaure na shaba.

Mzee ananiomba nirudie. Narudia polepole, bidhaa moja baada ya nyingine.

"Mwaka wa ngapi?"

"1225, Mzee."

"Kilwa ilikuwa imesimama."

Saa 5 na nusu

Msikiti wa Qingjing uko barabara ya Tumen, na jirani yake kabisa ni hekalu la Guan Yu, jemadari wa kale anayeabudiwa na Wachina, linalofuka moshi wa ubani mchana kutwa. Lango la msikiti ni la mawe ya kijani kibichi iliyokoza, tao ndani ya tao, na ukutani kuna maandishi ya Kiarabu. Kiongozi anafungua mdomo kuanza maelezo, namgusa mkono. Mzee ameshaanza kusoma mwenyewe, kidole hewani.

Anasoma kwamba msikiti ulijengwa mwaka 400 wa Hijria, ndio 1009 ya Miladi. Kisha kwamba mwaka 710 wa Hijria ulikarabatiwa na Ahmad bin Muhammad al-Quds wa Shiraz.

"Wa Shiraz," anamgeukia mkewe. Kilwa nzima inajua masimulizi ya Washirazi waliokuja na majahazi na kuuanzisha mji wao. Sikuongeza neno. Bibi ndiye aliyesema, "Basi hawa walikuwa na safari."

Ukumbi wa kale wa swala hauna paa. Lilianguka kwa tetemeko mwanzoni mwa karne ya 17, halikurudishwa. Kuta za matale zimebaki na aya za Qurani zimechongwa, na nyasi zimeota pale safu za waumini zilipokuwa. Adhuhuri inaingia kama saa 6 na dakika tano. Tunaswali kwenye jengo lingine la uwanja huohuo pamoja na Wahui wachache, yaani Waislamu wa Kichina, na wanafunzi wa kigeni.

Saa 7 mchana

Supu ya ng'ombe na tambi kwa Wahui wenye leseni ya chakula halali. Hapa sina mengi: mji huu una vyakula vya ajabu vya baharini, lakini wazee wamechoka na wanataka kitu wanachokielewa. Bibi anaomba pilipili.

Saa 8 na nusu

Jumba la Makumbusho ya Bahari ndilo ninalolipenda kuliko mahali pengine popote Quanzhou. Ukumbi wa mawe ya makaburi umejaa Kiarabu, na pembeni kuna mawe ya Wakristo wa Mashariki yenye msalaba juu ya yungiyungi. Waliozikwa walitoka Shiraz, Tabriz, Isfahan, Yemen.

Mwisho wa nasaba ya Yuan, kuanzia 1357, jeshi la Waislamu wa mji huu liliasi, vita vikaenda karibu miaka kumi, na kisasi kilichofuata kiliwapata wageni wote bila kuchagua. Mawe yao ya makaburi yakatumika kujengea kuta na misingi. Karne ya 20 ukuta wa mji ulipobomolewa, mwalimu wa shule aitwaye Wu Wenliang alianza kuyaokota na kuyanunua moja moja kwa fedha yake, akayapeleka nyumbani, baadaye akayakabidhi kwa taifa. Bila yeye ukumbi huu ungekuwa mtupu. Jina lake nalitaja kwenye kila ziara, hata mgeni akiwa na haraka.

Hapa kazi yangu inageuka. Kiongozi hasomi Kiarabu, maandishi ya maelezo ni mafupi, na Mzee anakwenda jiwe hadi jiwe akisoma kwa sauti. Anafasiri kwa Kiswahili, nami nafasiri kwa Kichina. *Kila nafsi itaonja mauti.* Kisha, kwenye zaidi ya jiwe moja, hadithi ya Mtume: *Afaye ugenini amekufa shahidi.*

Kiongozi ananiomba nirudie hilo la pili. Amezaliwa mji huu, kapita mbele ya mawe haya tangu utoto. Anauliza kwa nini wachague maneno hayo. Mzee anamwambia: kwa sababu walijua wanakufa mbali na kwao, na waliowazika walitaka kuwatuliza. Nilifasiri neno kwa neno. Jibu lile halikuhitaji kupunguzwa wala kupambwa.

Saa 10 jioni

Mlima Lingshan, nje ya lililokuwa lango la mashariki. Makaburi mawili chini ya kibanda, na nyuma yake baraza la mawe lililojikunja nusu duara. Mapokeo ya Waislamu wa hapa yanasema ni watu wawili waliokuja kuhubiri katika karne ya 7. Mzee anasoma Fatiha, tunaitikia.

Pembeni kuna jiwe dogo ambalo makundi mengi yanalipita. Linasema kwamba Zheng He, mjumbe wa mfalme, akiwa safarini kwenda Hormuz na nchi nyingine, alifika hapa siku ya 16 ya mwezi wa tano, mwaka wa 15 wa utawala wa mfalme Yongle, akafukiza ubani kuomba ulinzi. Huo ni mwaka 1417. Zheng He mwenyewe alizaliwa katika familia ya Waislamu wa Yunnan. Safari aliyokuwa akiianza ni ile iliyowarudisha makwao wajumbe waliokuja China kutoka nchi za mbali, wakiwemo wa Malindi, ambao mwaka 1415 walikuwa wameleta twiga. Msafara ukapita Hormuz na Aden, ukafika Mogadishu, Barawa na Malindi.

Hapa simruhusu mtu aondoke haraka. Nawaambia wazee: mtu aliyesimama hapa akiomba usalama wa bahari alikuwa anaelekea kwetu. Bibi analigusa jiwe kwa macho tu, kuna uzio. Anauliza kama walifika salama. Walifika, Bibi. Na wakarudi mwaka 1419.

Saa 12 jioni

Daraja la Luoyang, maji yamekupwa. Lilijengwa kati ya 1053 na 1059 chini ya gavana Cai Xiang, mahali ambapo mto unakutana na bahari. Mawe ya msingi yalipandwa chaza, wakaota, wakayagandisha pamoja, na ikapigwa marufuku kuwavuna pale darajani. Nguzo zimechongwa zikachongoka kama omo la chombo ili zipasue mkondo. Bibi anainama, anawaona chaza kwenye mawe, anacheka kwa furaha. Mzee anatembea taratibu hadi ng'ambo bila kusema kitu, na dereva anatufuata upande wa pili.

Saa 3 usiku

Wazee wamefika hotelini, mtoto wao amewapokea na sampuli za marumaru mkononi. Magoti ya Mzee yanauma, lakini anataka kumwonyesha picha ya lango la msikiti kwanza.

Nyumbani naongeza kwenye daftari *deheni*, pamoja na maelezo ya Kichina niliyoyatunga mbele ya ile meli. Simu inalia: kiongozi ananiomba nimwandikie ile hadithi ya kwenye makaburi, Kiarabu na tafsiri yake, aiingize kwenye maelezo yake kwa wageni wote, si Waislamu peke yao. Namtumia. Kesho saa 2 asubuhi ni Shuitou, kontena mbili za marumaru.