Neno la Kuungua

Januari 2017 ilinikuta Wuhan, mwaka wangu wa pili chuoni, nimevaa soksi jozi mbili na vidole vya miguu bado sivisikii. Wengi hudhani China nzima nyumba zina mabomba ya kupasha joto. Hiyo ni Beijing na kaskazini huko. Wuhan haimo kwenye mpango huo, kwa hiyo ndani na nje ni mamoja. Na mimi ni mtoto wa Tanga.

Siku zangu zimenisumbua tangu nivunje ungo, lakini baridi ile ilizidisha. Jumanne moja nilijikunja kwenye foleni ya kantini nikashindwa kunyooka. Msichana wa Kichina tuliyesoma naye akanishika mkono, tukaenda mpaka kliniki ndogo nyuma ya soko la mboga. Nilijua naenda kuchomwa sindano tu. Kumbe zhenjiu, kama Wachina wanavyoiita tiba hiyo, ni mambo mawili katika neno moja: zhen ni sindano, jiu ni kuchoma kwa moto.

Kilichonipokea mlangoni ni harufu. Bangi. Sina namna nyingine ya kuieleza. Nikasita, maana China hawana mchezo na mambo hayo. Mwenzangu akacheka, akanisukuma ndani.

Daktari alinishika mishipa ya mikono yote miwili, akanitazama ulimi, akasema nina baridi kwenye kizazi. Bibi yangu angesema hivyohivyo, tena bila kutazama ulimi. Kisha akaniachia mikononi mwa msaidizi wake, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita ayi, ndiyo kusema mama mdogo. Nami nikamwita hivyo.

Ayi alinilaza chali, akanipanga vipande vya tangawizi chini ya kitovu, vimetobolewatobolewa matundu. Juu ya kila kipande akaweka kijilima cha kitu laini, rangi ya udongo, kama sufi iliyotoka kwenye mto mkuukuu. Ni majani ya mmea uitwao ai. Huchumwa karibu na sikukuu ya tarehe tano ya mwezi wa tano, kwa kalenda yao, hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa mpaka zibaki nyuzi. Ya zamani ndiyo bora. Mapya moto wake mkali. Ayi alinionyesha mfuko kwa majivuno: yametoka Qichun, palepale jimboni Hubei, alikozaliwa Li Shizhen, tabibu aliyeandika kitabu kikubwa cha dawa zama za wafalme wa Ming. Baadaye niligundua kuwa mmea huo ni wa ukoo mmoja na pakanga yetu, na ni ndugu wa ule unaotoa artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria. Kumbe nilikuwa nameza jamaa yake tangu utotoni.

Aliviwasha kwa kijiti cha udi. Moshi ukapanda kama wa chetezo, na joto likashuka polepole kupitia tangawizi, likaingia ndani kabisa, pale ambapo chupa ya maji ya moto haijawahi kunifikia. Nikafumba macho. Nilimkumbuka bibi akimkanda mama baada ya kumzaa mdogo wangu, mvuke umejaa chumba.

Ikaja zamu ya mguu. Sasa alishika msokoto wa majani yaleyale, unene wa kidole gumba, urefu wa shubiri, akauwasha ncha na kuuelekeza kwa ndani ya mguu, vidole vinne juu ya kifundo. Haugusi ngozi. Aliniambia: ukiona unaunguza, sema tang.

Ulipoanza kuunguza nikasema tang. Ayi akatabasamu. Nikasema tena kwa nguvu, tang! Akaingiza mkono wa pili mfukoni, akatoa pipi, akanipa. Mkono wa kwanza haukusogea.

Tang yenye sauti inayoshuka ni kuungua. Inayopanda ni sukari. Mimi, kwa maumivu, nilipandisha.

Nilipiga kelele kwa Kiswahili. Hiyo aliielewa. Lengelenge lilitoka ukubwa wa punje ya mahindi, na maskini ayi alinipulizia mguu huku akiomba radhi, nami naomba radhi, pipi iko mdomoni.

Jioni tumbo lilikuwa limetulia. Siwezi kuapa kuwa ni moto ule, maana mchana nilikuwa nimemeza vidonge viwili vya maumivu, na hilo sikumwambia daktari. Bwenini, kaka mmoja wa Lubumbashi alininusa koti, akafunga mlango, akaninong'oneza: "Dada, umeipata wapi?"

Jumanne iliyofuata nilirudi. Kabla ya kuwasha chochote, ayi alikaa kwenye kigoda, akanitaka nitamke lile neno. Nikatamka. Akatikisa kichwa. La pili pia likakataliwa, wagonjwa wote wanatusikiliza. La tatu akaridhika, akawasha kiberiti, na pipi akaiweka kitandani karibu na mkono wangu.