Jogoo wa Madamu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba Kifaransa kingenibeba.

Niliingia Uganda mwishoni mwa 2012. Waasi wa M23 waliuteka mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, tarehe 20 Novemba, na walipouachia, tarehe 1 Desemba, mimi nilikuwa nimeshavuka mpaka, niko Kisoro natafuta nauli ya basi la Kampala. Mzigo wangu ulikuwa begi moja, na ndani ya begi diploma ya ualimu niliyoifunga kwa nailoni mara mbili. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka minne. Vitenzi vya Kifaransa nilivijua kama mtu anavyoijua njia ya kwao usiku, na sikuona haya kumwambia hivyo kila niliyekutana naye. Kampala haikujali. Mtu akiwa na shida nawe anaanza na Luganda, akiona umekwama anahamia Kiingereza, akiona na hicho kimekushinda anamgeukia mwingine.

Ndipo Februari 2013 nikajiunga na darasa la jioni la Kiingereza, Jumanne na Alhamisi, katika chumba cha nyuma cha kanisa dogo huko Katwe. Nje, mafundi chuma waligonga mageti mpaka giza liingie, na Madamu, mwalimu wetu, alikuwa amezoea kusema katikati ya nyundo: anasubiri pigo lipite, anaweka neno lake. Tulikuwa kumi na wanne, karibu wote wa Kivu, wawili wa Ituri.

Madamu alikuwa Muganda wa miaka hamsini na kitu. Kiswahili alikijua maneno matano: simama, haraka, toa, lala chini. La tano ni tusi, sitaliandika. Aliyapata utotoni na ujanani kwenye vizuizi vya barabarani, enzi za Amin na miaka iliyofuata, wakati Kiswahili kwa Waganda wengi kilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki. Alitusimulia siku ya kwanza, bila chuki, kama mtu anayekueleza kwa nini hali samaki. Sisi tulipoanza kupiga soga kwa Kiswahili kabla ya somo alishtuka kidogo, akashika mkoba wake, kisha akajicheka mwenyewe. Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda lilipopitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, mtu wa kwanza niliyemkumbuka ni yeye na maneno yake matano.

Alhamisi moja mwezi Machi alichora ubaoni mstari mrefu wa mawimbi, kama nyoka aliyejilaza. Juu ya nyoka akachora sufuria inayofuka mvuke, chini yake akaandika “I was cooking”. Kisha akachora mshale mfupi uliomchoma nyoka mgongoni, akaandika “he knocked”. Nyoka, akatueleza kwa Kiingereza cha polepole na mikono mingi, ni jambo lililokuwa likiendelea. Mshale ni jambo lililotokea likaisha. Nyoka anataka “was” au “were”, na mkiani lazima awe na “-ing”. Mshale unataka kitenzi kimoja tu, “knocked”, “opened”, au vile vikaidi visivyosikia sheria, “went”, “bought”, “caught”, ambavyo dawa yake ni kuvikariri. Akatuonya pia kwamba kuna vitenzi visivyopenda kuwa nyoka: “know”, “want”, “like”. Ukisema “I was knowing” watu watakuelewa, akasema, lakini watacheka ukishaondoka.

Niliinua mkono kabla hajamaliza. Nikamwambia nimeelewa, ni zile nyakati mbili za Kifaransa za mambo yaliyopita: nyoka ni imparfait, mshale ni passé simple. Madamu hakujua Kifaransa. Alitabasamu kwa upole, nami nikaihesabu kuwa ndiyo.

Shimo nililichimba hapo. Imparfait ina tumbo kubwa: inameza lililokuwa likiendelea dakika ile, inameza na lile ulilokuwa na mazoea ya kulifanya miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo nilipotaka kusema kwamba Goma nilikwenda kazini kwa miguu kila siku, niliandika “every day I was going”. Madamu akakata kwa kalamu nyekundu, akaandika “went”. Nikaona ameonea. Na passé simple kwetu ni ya vitabuni, hakuna anayenunua samaki kwa passé simple. Basi mambo ya jana niliyasema vilevile Kifaransa kinavyokaa mdomoni, “I have eaten yesterday”, na kalamu nyekundu ikarudi. Ukurasa wangu ulikuwa kama mtu aliyenyolewa kwa kiwembe butu.

Kiti cha mbele yangu alikaa mama mmoja wa vitenge, wa Goma kama mimi. Shule aliiachia darasa la tatu. Alikuja moja kwa moja kutoka kutembeza mali mjini, na furushi lake aliliketisha kiti cha pembeni, akalipangusa vumbi kama anampangusa mtoto. Mwanzoni mkia ulimtoroka, akawa anasema “I was cook”. Madamu akawa anagonga ubao chini ya mkia wa nyoka bila kusema kitu, naye anarudi kuuchukua: “...ing.” Mimi alikuwa akiniita mwalimu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au dhihaka. Nadhani zote mbili zilikuwa ndani ya sahani moja.

Baada ya mapumziko Madamu alitangaza kwamba jogoo wake ameibwa. Jogoo hakuwepo. Ni mchezo ambao walimu wengi wa Kiingereza wanautumia: watu wawili wanashtakiwa, wanatoka nje kupanga hadithi ya walikuwa wapi, kisha wanaitwa mmoja mmoja, na darasa zima ni polisi. Majibu yasipofanana, mmefungwa. Akaandika ubaoni saa ya wizi: jana usiku, kati ya “8” na “10”. Washtakiwa akawachagua kwa kidole, mama wa vitenge na mimi.

Tukasimama kwenye ujia, karibu na ndoo za kudekia. Tulikubaliana haraka kwamba jana usiku tulikuwa kwake, mimi mgeni, tunakula bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, umeme ukakatika.

“Mwalimu,” akaninong'oneza, “kwangu umekaa wapi?”

“Hakuna haja, mama. Madamu anataka vitenzi tu.”

“Polisi haiulizi vitenzi. Inauliza umekaa wapi, nani alikuwa karibu na mlango, taa ilizimika ukiwa umeshika nini.”

Nikamwambia, kwa ile sauti ya mwalimu anayefunga daftari, kwamba akazanie “was” na “-ing”, mengine aniachie mimi. Akanitazama. Kisha akaitwa ndani.

Nilibaki na ndoo, nikirudia sentensi zangu. Nilisikia darasa likicheka mara tatu. Mara ya tatu walipiga meza.

Nilipoingia nilimkuta aliyechukua cheo cha mkuu wa upelelezi. Alikuwa mzee wa Uvira, karani wa forodha wa zamani, mtu aliyeishi kwa kupekua mizigo ya watu, na usiku ule Kiingereza chake kibovu hakikumpunguzia kitu. Mbele yake alifungua daftari, ukurasa ameugawa katikati kwa mstari wa rula. Kushoto kulikuwa kumeshajaa.

“Where were you sitting?”

“On a chair.”

Darasa likaguna, mguno mmoja, kama daladala inapokanyaga shimo. Mzee akaandika.

“What were you eating?”

“I have eaten sombe.” Kidole cha Madamu kikapanda. Nikajaribu tena: “I was eating sombe.”

“Did you wash your hands?”

Nilikasirika kidogo. Mtu mzima unaulizwa hivyo mbele ya watu! “Yes! I washed.”

“When the light went, what was she doing?”

“She was washing the plates.”

“And you?”

“I was... waiting.”

Madamu akampa mama ruhusa ya kurudi ndani, na mzee akasoma kurasa zake mbili kwa sauti ya mahakamani. Nimeziona baadaye kwa macho yangu, aliniachia daftari nikanakili. Upande wangu: kiti. Upande wake: “He was sitting on a jerrycan. I don't have chair.” Upande wangu: nilinawa. Upande wake: “No.” Hakuna kingine, “No” tu, na nukta kubwa. Upande wangu: alikuwa akiosha vyombo, nami nasubiri. Upande wake: “I was cooking. The light went. He shouted.”

Hapo ndipo walipokuwa wamepiga meza.

Palikuwa na ushahidi mmoja zaidi, ambao mzee aliuweka mwisho kama mtu anayeficha karata. Nilifika saa ngapi? Mimi nilisema “at eight”. Yeye alisema “at two”. Polisi wote wakapiga kelele, mbili na nane, mmekwisha! Lakini Madamu akainua mikono yote miwili. “Ssaawa bbiri!” akasema kwa Luganda, na uso wake ukafunguka kama aliyekutana na jirani ugenini. Kwao pia saa mbili ya usiku inahesabiwa kuanzia jua linapozama. “Mama hajakosea,” mmoja wetu akatafsiri, “amesema saa yetu kwa maneno yao.” Ushahidi ule ukafutwa.

Jerikeni haikufutwa. Tulihukumiwa kununulia darasa zima kabalagala.

Kabla hatujatoka Madamu alichukua lile daftari, akapitia vitenzi kwa kalamu yake. Upande wa mama alisahihisha mahali pamoja, “don't” iwe “didn't”, kwa kuwa tulikuwa tukisema ya jana. Akaongeza na kale ka “a” kaliposahaulika mbele ya kiti. Basi. Kila mstari wake ulikuwa na nyoka mahali pa nyoka na mshale mahali pa mshale. Upande wangu sitausimulia.

Tulikwenda kwa muuza kabalagala wa kona, zinauzwa ndogo ndogo, za ndizi na unga wa muhogo, bado zinatoka mafuta. Mimi natoa pesa, mama anahesabu ndani ya mfuko wa karatasi. Nikamuuliza amewezaje. Nilimuuliza kama mtu anayeuliza nani alikupa majibu.

“Wewe unachanganya nauzisha na nauzishaka,” akasema, bila kuacha kuhesabu. “Goma nilikuwa nauzishaka pale soko la Virunga. Hiyo ni kila siku. Madamu, ya kila siku, anataka ‘I sold’. Lakini ile siku risasi zililia, nilikuwa nauzisha. ‘Ka’ haipo. Hiyo ni ‘I was selling’. Kumi na tatu, kumi na nne. Ongeza ya Madamu.”

Kwa msomaji wa pwani nieleze kidogo. Kwetu Kongo, kuuzisha ndiko kuuza, na kuuza, kwa wengi wetu, ni kununua. Mfanyabiashara wa Mombasa akija Goma na asijue hilo atafilisika kwa adabu nzuri. Na ule mkia wa “-ka” mwishoni mwa kitenzi ni wa mazoea: nakulaka ni huwa nakula, naendaka ni huwa naenda. Kiswahili sanifu kikisema “nilikuwa nauza” hakikuambii kama ni siku ile moja au miaka yote. Kifaransa hakikuambii pia. Kiswahili cha yule mama kinakuambia, kwa silabi moja, na ndicho alichokuwa akikitumia kupima kila sentensi ya Madamu tangu mwanzo.

Ile “-ka” mimi ndiye niliyekuwa nikiifuta. Miaka minne, kalamu nyekundu mkononi, kila mtoto aliyeandika “nakulaka” nilimkata na pembeni nikaandika: Kiswahili cha sokoni. Kuna mmoja nilimsimamisha mbele ya wenzake, akarudia “ninakula” mara kumi. Sikumwambia mama hayo. Nilichukua kabalagala, ikaniunguza ulimi.

Jumanne iliyofuata alichelewa. Alipoingia furushi lilikuwa limefungwa vibaya, kitenge kimoja cha rangi ya machungwa kinaburuta ncha. Askari wanaofukuza wachuuzi walikuwa wamemsimamisha karibu na Old Taxi Park, wakamuuliza kwa Kiingereza: “What were you doing?”

Darasa likanyamaza kabisa. Hata Madamu alishusha chaki. Lilikuwa swali lake, neno kwa neno.

“Nikamwambia: I was walking. You called me. I stopped.” Aliyasema huku akionyesha kwa mkono wimbi refu, kisha mishale miwili. “Akacheka. Akaniuliza, who taught you? Nikamwambia, Madamu. Akasema, go.”

Mzee wa Uvira alikuwa ameshafungua daftari. Alimtazama juu ya miwani. “Lakini mama, kweli kabisa, ulikuwa unauzisha?”

“Mimi nilikuwa natembea,” akasema, akiingiza ile ncha ya kitenge ndani ya furushi. “Mteja ndiye alikuwa ananunua.”