Nilivyojiundia ufito wa grafaiti kwa mito ya Aberdare

Kazi ya kufunga nzi bandia wa kuvulia samaki, wale wadudu wa uzi na manyoya wanaotengenezwa hapa Kenya na kuuzwa Ulaya na Marekani, ilinizoesha mikono kushika uzi mwembamba. Ufito wa kuvulia ndio ulionisumbua. Nyingi za dukani zina futi 9, urefu wa mto mpana. Mito ya milima ya Aberdare kama Gura, ambao ulipandikizwa samaki aina ya trauti mwaka 1905, imebanwa na vichaka hadi ukingoni. Ukirusha mshipi nyuma, unavua majani.

Nikaagiza ufito mtupu wa grafaiti, yaani bomba jembamba la nyuzi za kaboni lisilo na mpini wala pete za kupitishia mshipi: futi 7 na nusu, wa mshipi mwepesi, namba 3. Wengi hukimbilia ule mgumu kabisa kwa sababu unarusha mbali. Mimi niliukwepa. Katika uvuvi huu nzi hana uzito wa maana. Kinachorushwa ni mshipi, na uzito wake ndio unaoupinda ufito. Mtoni kwetu unatoa mita chache tu za mshipi, na ufito mgumu hata hauzihisi. Wazee bado wanaisifu mianzi, na wana haki, ila grafaiti, ambayo Fenwick ya Marekani iliiingiza sokoni mwaka 1973, ni nyepesi zaidi na ikipinda hunyooka upesi bila kuyumbayumba.

Mpini niliuunda kwa vipande vya duara vya gome lile la vizibo vya mvinyo. Nilivigundisha pamoja, kisha nikavisugua kwa msasa, nikisimama kila mara kujaribu kushika, hadi kidole gumba kikapata pa kulala. Hapo ndipo utamu wa kujiundia ulipo, maana kiwandani hawaujui mkono wako.

Pete hufungwa kwa uzi. Kwanza nilizinoa miguu kwa tupa hadi ikawa myembamba kama ukucha, ili uzi upande bila kuacha pengo. Zilipokuwa zimeshikwa kwa uzi tu, nilipitisha mshipi na kuupinda ufito wote. Mshipi ulipokata kona badala ya kufuata mpindo, nilisogeza pete. Kazi hii haina haraka, na ukishapaka epoksi, gundi inayokauka ngumu juu ya uzi, huwezi tena kurudi nyuma.

Epoksi ina chupa mbili zinazochanganywa sawasawa. Nilipima kwa sindano mbili za duka la dawa, nikakoroga polepole nisiingize mapovu. Ikishapakwa, ufito lazima uzunguke hadi ishike, la sivyo inachuruzika upande mmoja. Mashine ya kuzungushia ni ghali. Fundi mmoja wa jua kali alinitolea mota ya sahani kwenye maikrowevu iliyokufa, akaifungia waya vizuri, nami nikaulaza ufito juu ya vibao viwili vyenye mkato wa V. Ulizunguka usiku kucha. Asubuhi epoksi iling'aa kama kioo.

Mtoni unatua nzi nyuma ya jiwe bila kelele, na hata trauti wa kiganja kimoja unamsikia hadi kiwikoni. Mvua ya radi ikianza naulaza chini, kwani kaboni inapitisha umeme.

Sasa mzee mmoja wa Kiganjo anataka wake, wenye mpini mnene kwa ajili ya vidole vyenye baridi yabisi. Nimemwambia, "Mzee, lete mkono kwanza niupime."