Z80 ya 5V na Pico ya 3.3V kwenye bodi moja

Watu wanatia chumvi sana hili suala, eti ukiunganisha prosesa ya kizamani na mikrokontrola ya siku hizi lazima kila waya upite kwenye kibadili volti. Wapi! Z80, prosesa ya Zilog, ilitoka 1976 na inakula 5V, Raspberry Pi Pico, kile kibodi kidogo cha mikrokontrola, pini zake ni 3.3V, na kuna upande unaunga waya moja kwa moja na maisha yanaendelea.

Pico kwenda Z80 hakuna noma (ukitoa kloki, nitaifikia), ile ya teknolojia mpya zaidi ya CMOS, yani Z84C00, ikiona 2.2V inahesabu ni 1, kwa hiyo 3.3V inatosha na chenji inabaki. Balaa ni kurudi. Pini za Pico hazikutengenezewa kupokea 5V, na chipu si lazima ife hapohapo, inaweza ikaanza vituko baadaye ukabaki unashangaa. Hapo naweka 74LVC245, chipu ya kupitisha ishara 8 kwa mpigo, naipa 3.3V, 5V ikiingia inaivumilia tu.

Halafu hesabu pini: Pico inakupa 26, anwani 16 na data 8 tayari ni 24, na bado nyaya za amri: RD (kusoma), WR (kuandika), MREQ (kuita memori), IORQ (kuita vifaa vya nje)... hazitoshi. Basi unaweka 245 tatu zinazotumia pini 8 zilezile za Pico, unafungua moja moja kwa OE (pini yake ya kuwasha matokeo) huku umeshusha WAIT, pini ya kuisimamisha, ili Z80 isubiri. Ile ya data, DIR yake (pini ya kuchagua upande wa kupitisha) inafuata RD, na Pico isisukume kitu mpaka RD ishuke. Vile vibodi vya bei chee vya mosfeti BSS138 achana navyo, hivyo ni vya I2C (mawasiliano ya polepole ya nyaya mbili), kwa mwendo wa megahezi kadhaa vinachelewa.

Sasa kloki, hapa ndo wengi wanakwama. CLK, pini ya kloki ya Z80, haitaki 2.2V kama wenzake, inadai Vcc (volti ya umeme wake, 5V) kutoa 0.6, yani 4.4V, na Pico haifiki. Unapata mashine leo inawaka kesho haiwaki, unalaumu RAM, unalaumu programu. Dawa ni geti moja la 74HCT04 (chipu ya kugeuza ishara) kwenye umeme wa 5V, linapokea 2V kama 1 na kutoa karibu 5V nzima. Ni HCT jamani, HC ya kawaida inataka kama 3.5V.

Zilog walifunga oda za Z84C00 mwezi wa 6 2024, kwa hiyo sokoni ni stoki ya zamani na feki kibao zilizopakwa jina upya. Kama hutaki mahangaiko chukua W65C02S, prosesa nyingine ya kizamani, bado inatengenezwa na 3.3V inaikubali. Mimi Z80 siiachi, asembli yake (lugha ya kuiandikia programu moja kwa moja) tamu.