Nilivyolainisha bampa la gari langu uani kabla ya kupiga rangi

Bampa la mbele la Toyota IST yangu lilijikwangua kwenye nguzo ya geti la nyumbani, Tabata, na fundi wa kwanza niliyempelekea alilikandika puti (lile lepe la kujazia mabonde) ile ile ya bati, akalipiga rangi siku hiyo hiyo. Hata miezi mitatu haikuisha, nyufa zikajichora juu yake kama tope lililokauka, kwa sababu bampa ni plastiki inayonesa, ilhali puti ya bati ikishakauka hainesi. Nikaamua kulainisha nilainishe mwenyewe uani, nimwachie fundi rangi mwingine kazi ya kupuliza tu.

Kulifungua hakukunisumbua: ni boliti za spana namba 10, skrubu za kwenye matao ya magurudumu na klipu kadhaa, ambazo mbili nilizivunja. Upande wa ndani nikakuta herufi PP+EPDM. PP ni polipropilini, plastiki ambayo rangi haiishiki kirahisi, na EPDM ni mpira unaochanganywa humo ili bampa lisipasuke linapogongwa.

Nililiosha kwa sabuni ya vyombo mara mbili kabla ya kugusa msasa, maana ukianza kusugua juu ya mafuta na polishi unayasukuma ndani ya mikwaruzo, kisha rangi huja kujikunja na kuacha vishimo mahali hapo. Ndipo nikaiondoa puti ya zamani kwa msasa namba 180 (namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi) mpaka nikaiona plastiki tupu, nikafuata na 240 kupunguza kingo za rangi iliyobaki, hadi kidole kikipita kisikute ngazi. Hapo nilijifunza kwamba polipropilini haitaki nguvu: nilipokazana ilipata moto ikaota vinyweleo kama fulana kuukuu, na vikaondoka tu nilipoulegeza mkono na kuhamia namba 320.

Sehemu iliyokuwa wazi niliipuliza dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki, tabaka jepesi, kisha nikapaka puti maalumu ya plastiki, nyembamba kadiri nilivyoweza. Kosa langu kubwa nililifanya hapa. Kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuona mafundi wakitumia msasa wa maji, niliisugua puti kwa maji, nikaifunika kwa praima, yaani rangi ya msingi, jioni ile ile. Puti hunywa maji. Jua la siku ya pili lilipolipata bampa, malengelenge madogo yaliinuka pale pale palipokandikwa, nikalazimika kukwangua yote na kuanza upya, safari hii nikiisugua puti ikiwa kavu, barakoa usoni, na kuyaacha maji mpaka praima ikauke.

Jicho, hasa la mchana, hudanganya sana juu ya praima ya kijivu, kwani kila kitu huonekana kimenyooka. Nilichukua kopo la rangi nyeusi ya bei rahisi, nikalipuliza kutoka mbali ili litue kama vumbi tu, halafu nikasugua kwa msasa wa maji namba 600 niliouzungushia kipande cha soli ya kandambili, kwa sababu vidole vitupu huchimba mifereji. Weusi ulibaki kwenye kila bonde: mkwaruzo mmoja mrefu wa ule msasa wa 180 nilioudhani umekwisha, na vitundu vya puti vidogo kama ncha ya sindano. Vitundu nilivijaza puti laini, nikaongeza praima, nikarudia vumbi jeusi mara mbili zaidi, na mara ya mwisho weusi uliondoka kwa pamoja bila kuacha kivuli. Wikiendi nzima mbili ziliishia hapo, na kwa rangi ya fedha kama ya gari langu sidhani kama kuna njia ya mkato, maana chembe zake za kumetameta huonyesha mkwaruzo ambao nyeupe ingeuficha.

Fundi rangi alilipokea, akalipitisha kiganja kutoka upande hadi upande, akasimama karibu na tundu la taa ya ukungu. “Kaka, hapa pa kwenye kona bado,” akasema, akanipa kipande cha msasa namba 800 na kikopo cha maji. Nikakaa kwenye benchi lake nikasugua.